Dume mwenye mimba: ni mfuko tu, au ni zaidi?

Waambie wachuuzi wa samaki pale ufuo wa Dunga, Kisumu, kwamba baharini kuna samaki ambaye dume ndiye hubeba mimba, na hutakosa ubishi. Mmoja atacheka: huo ni mfuko tu, mbona ngege naye hubeba mayai mdomoni na hatujasikia akiitwa mjamzito? Mwingine, hasa kijana aliyetoka kusoma biolojia, atashikilia kwamba mimba ni mimba, na kwamba farasi wa baharini amepindua kila kitu tulichofundishwa kuhusu baba na mama. Mimi naona wote wawili wameshika kitu cha kweli, ila wa pili ameanza vizuri akamaliza vibaya.

Hoja ya mfuko isidharauliwe, maana hutoka kwa watu wanaowajua samaki. Ziwa letu la Victoria lina wazazi wa kila namna. Mumi hutaga penye majani maji yanapofurika, kisha huyo, hageuki nyuma. Kamongo dume hubaki akilinda kiota na humvamia yeyote anayesogea. Ngege jike huatamia mayai kinywani, na muda huo karibu hali kitu. Katika visa vyote hivi yai limekuja na chakula chake, yaani kile kiini cha njano. Farasi wa baharini ndivyo alivyo pia: jike humkabili dume, humwingizia mayai mfukoni kwa muda mfupi sana, na mayai hurutubishwa humo humo. Yana kiini kikubwa, na gharama ya kukitengeneza ni ya mama. Anayesema baba ametoa banda tu hayuko mbali sana na ukweli, kwa hatua hiyo ya kwanza.

Shida ni kwamba banda hilo halikai lilivyokuwa. Mfuko ukishafunga, ngozi yake ya ndani huanza kukua, mishipa ya damu huongezeka, na kila kiinitete, yaani mtoto anayeanza kukua ndani ya yai, hukaa katika kishimo chake kimezungukwa na tishu za baba. Damu ya baba hupeleka oksijeni na kuondoa hewa chafu. Majimaji ya mfukoni mwanzoni hukaribiana na majimaji ya mwili wake kuliko maji ya bahari, kisha chumvi hupanda polepole ili watoto wakitoka wasidhurike. Mwaka 2015 Camilla Whittington wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walichapisha utafiti juu ya jeni zinazofanya kazi mfukoni mwa Hippocampus abdominalis, aina moja ya farasi wa baharini, mimba inapoendelea. Walikuta jeni za kusafirisha mafuta na kalsiamu na za kushughulikia kinga, nyingi zikifanana kikazi na zile zinazofanya kazi katika mimba ya mamalia.

Kwangu mimi suala la kinga ndilo lenye uzito kuliko yote. Kiinitete kina nusu ya jeni za mama, kwa hiyo mwilini mwa baba ni mgeni, na kinga huwa haimchekei mgeni. Mwaka 2020 mtafiti Olivia Roth na wenzake walionyesha kwamba katika ukoo huu wa samaki mfumo wa kinga umebadilishwa, na kwamba samaki wembamba wa jenasi Syngnathus, ambao ni jamaa wa karibu wa farasi wa baharini, wamepoteza tawi zima la kinga ambalo samaki wengi wanalo. Mdomo wa ngege haujawahi kudai gharama hiyo. Hapo hoja ya “mfuko tu” inaanguka.

Ila hata hiyo mimba isichukuliwe kuwa nakala ya mimba ya mamalia. Utafiti wa mwaka 2022, ambao Whittington alishiriki, uligundua kwamba uzazi wa dume huyu hautegemei misuli ya kujikaza yenyewe kama ile ya mji wa mimba. Inaelekea yeye hutumia misuli anayoiamrisha mwenyewe, iliyoshikana na vijifupa vya karibu na pezi dogo la chini, kuufungua mfuko na kuwasukuma watoto nje. Watoto wenyewe huwa wachache tu kwa aina ndogo kabisa, na zaidi ya elfu kwa zile kubwa. Wakitoka, baba hana habari nao tena.

Sasa dai la kijana, kwamba majukumu yamepinduka. (Wapo wanaomvuta samaki huyu hadi kwenye ubishi wa nani aamke usiku mtoto akilia. Huko mimi simo.) Kama dume ndiye mwenye mzigo, ungetarajia majike wapigane kwa ajili yake. Mtafiti Amanda Vincent alilichunguza hilo, na mwaka 1994 akaripoti kinyume: kwa farasi wa baharini, madume ndio hushindana zaidi, hata kushikana mikia na kusukumana, ingawa wao ndio wabebao mimba. Kwa Syngnathus typhle, mmoja wa wale samaki wembamba, ambaye dume wake pia hubeba mimba, majike ndio hushindana na dume ndiye huchagua. Ukoo mmoja, mimba kwa dume pande zote mbili, tabia tofauti. Maelezo ambayo Vincent na mtafiti mwenzake Tim Clutton-Brock walikuwa wameyatoa mwaka 1991 ni kwamba la muhimu ni nani anakuwa tayari kuzaa tena mapema zaidi. Jike wa Syngnathus typhle anaweza kutoa mayai ya kujaza mifuko ya madume zaidi ya mmoja katika muda wa mimba moja, kwa hiyo mifuko ndiyo adimu. Kwa farasi wa baharini, ambao aina zao nyingi huishi wawili wawili, jike hana mayai ya ziada ya kumtafutia dume mwingine, kwa hiyo mayai ndiyo adimu.

Wengine hueleza kwamba dume aliukubali mzigo kwa sababu ya uhakika: mayai yakirutubishwa ndani ya mfuko wake, hakuna dume mwingine wa kupenya. Uhakika upo kweli, lakini kama sababu ya chanzo naona hautoshi. Kamongo hulinda kiota ambamo mayai yanarutubishwa majini, bila kufuli lolote. Na ndani ya ukoo wenyewe wa farasi wa baharini wapo Nerophis wa bahari za Ulaya, ambao hawana mfuko kabisa: mayai hunata nje, chini ya tumbo la dume, naye huyabeba hivyo hivyo mpaka yaanguliwe.