Mwaka wa Filamu Kanada: Kazi Ipo, Mali ni ya Nani?

Kila mwaka chama cha watayarishaji wa Kanada, CMPA, hutoa ripoti inayojumlisha fedha zilizotumika kutengeneza filamu na vipindi vya televisheni nchini humo. Kwa mwaka wa fedha wa 2023/24 jumla ilikuwa dola za Kanada bilioni 9.58, ilhali mwaka uliotangulia ilikuwa karibu bilioni 12. Karibu moja ya tano ya kazi ilipotea. Wapo waliosema sekta imeporomoka na wapo waliosema ni upepo utakaopita, na wote walitumia takwimu hizo hizo. Kasoro ni kwamba kila upande umeishikilia jumla, na jumla haisemi fedha hizo zilitengeneza mali ya nani.

Kabla ya yote, itazame kalenda. Mwaka wa fedha wa ripoti hii huanza Aprili mosi na kuisha Machi 31. Mgomo wa waandishi wa Marekani ulianza Mei 2, 2023 ukaisha Septemba 27. Ule wa waigizaji wa Marekani, wa chama cha SAG-AFTRA, ulianza Julai 14 ukaisha Novemba 9. Yote miwili iliangukia ndani ya mwaka mmoja wa ripoti. Mafundi wa Vancouver na Toronto hawakugoma, na waigizaji wa Kanada walio chini ya chama cha ACTRA walikuwa na mikataba yao wenyewe. Lakini tamthilia ya Kimarekani haishutiwi bila muswada wala bila nyota wake, kwa hiyo watu wakakaa nyumbani kwa ugomvi usiowahusu. Hata mgomo ulipoisha, kazi haikurudi siku ya pili yake. Seti lazima ichorwe na kujengwa, studio ikodishwe, vibali vya kufunga barabara vipatikane, ratiba za waigizaji zioane. Hayo huchukua wiki nyingi kabla kamera haijawashwa, na Novemba tayari inagusa sikukuu za Desemba.

Basi anayesema 2023/24 inathibitisha kuwa Kanada imepoteza mvuto amekosea. Anayesema ni mgomo tu naye amekosea, maana tangu 2022 wawekezaji walianza kuyadai majukwaa ya mtandaoni, kama Netflix, faida badala ya idadi ya wateja. Majukwaa yakapunguza tamthilia mpya, na upungufu huo haukuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba wowote.

Sasa tuifungue jumla yenyewe. Ndani yake mna mafungu manne: televisheni ya Kikanada, filamu za Kikanada za sinema, vipindi ambavyo vituo hujitengenezea vyenyewe, kama habari na michezo, na kazi za huduma kwa makampuni ya nje. Fungu hili la mwisho, hata katika mwaka wa mgomo, lilibeba karibu nusu ya fedha zote. Filamu za Kikanada za sinema ndizo fungu dogo kabisa.

Kazi ya huduma maana yake studio ya nje, mara nyingi ya Marekani, inaleta muswada na fedha, inaajiri mafundi wa Kanada, inashuti, kisha inaondoka na hakimiliki yote. Mfano ulio wazi ni tamthilia ya Shōgun. Ilishutiwa British Columbia, jimbo lenye mji wa Vancouver, ikatwaa tuzo 18 za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, mwaka 2024, na kila fundi wa Vancouver aliyeshiriki ana haki ya kujivunia. Hata hivyo mapato ya kuiuza duniani ni ya mwenye mali, naye yuko Marekani. The Handmaid's Tale ni mfano unaouma zaidi: riwaya ni ya Mkanada, Margaret Atwood, na tamthilia ilishutiwa Toronto, lakini kisheria haihesabiki kuwa kazi ya Kikanada.

Uraia wa kazi huamuliwa na ofisi ya serikali iitwayo CAVCO, kwa alama 10. Mwongozaji ana alama 2 na mwandishi 2. Alama moja moja huenda kwa mwigizaji mkuu wa kwanza, mwigizaji mkuu wa pili, mbunifu wa mandhari, mpiga picha mkuu, mtunzi wa muziki na mhariri wa picha. Kima cha chini ni 6, na ndani yake lazima awemo ama mwongozaji ama mwandishi Mkanada, pamoja na mmoja wa waigizaji wakuu wawili. Mtayarishaji naye lazima awe Mkanada na awe ndiye mwenye mamlaka juu ya kazi. Zaidi ya hapo, asilimia 75 ya gharama za huduma ilipwe kwa Wakanada, na asilimia 75 ya kazi za baada ya kushuti ifanyikie nchini. Mkanada hapa ni raia au mkazi wa kudumu. Hili liwaingie akilini wenzetu kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi hizi Toronto au Edmonton: kibali cha kazi kinakupa ajira, ila hakiipi filamu alama hata moja.

Kinachowavuta wageni ni vitu viwili, thamani ya dola na marejesho ya kodi, yaani sehemu ya gharama ambayo serikali humrudishia mtayarishaji. Dola ya Kanada miaka ya karibuni imezunguka kati ya senti 70 na 80 za Marekani, kwa hiyo punguzo la kwanza hupatikana kabla mtu hajajaza fomu yoyote. Marejesho huja juu yake, nayo hulipwa hata kama kampuni haikudaiwa kodi.

Hapa ndipo hesabu huwaponyoka wengi. Chukua tamthilia ya huduma British Columbia yenye mishahara inayokubalika ya dola milioni 10. Jimbo hurudisha asilimia 36 ya mishahara na serikali kuu asilimia 16. Ukijumlisha utasema asilimia 52, na utakuwa umejidanganya. Serikali kuu huuondoa kwanza msaada wa jimbo kwenye mishahara ndipo ipige asilimia yake. Jimbo linatoa milioni 3.6, inabaki milioni 6.4, asilimia 16 yake ni 1,024,000. Jumla ni 4,624,000, yaani asilimia 46.24 ya mishahara. Mtayarishaji aliyeandika 52 kwenye bajeti atakuta pengo la zaidi ya nusu milioni wakati fedha zimekwisha tumika. Ontario, jimbo lenye Toronto, ina njia nyingine: hurudisha asilimia 21.5 ya matumizi yote yanayokubalika ndani ya jimbo, mishahara pamoja na ukodishaji wa vifaa, kwa sharti kwamba angalau robo ya matumizi hayo iwe mishahara. Kwa hiyo filamu yenye seti nzito na vifaa vingi hupendelea Ontario, na yenye watu wengi hupendelea Vancouver.

Makosa mengine ni ya makaratasi. British Columbia huuliza fundi alikuwa mkazi wa jimbo Desemba 31 ya mwaka uliotangulia ule ambao mwaka wa kodi unaodaiwa umeishia. Fundi aliyehamia Vancouver kutoka Calgary mwezi Februari anaweza kuwa hodari kuliko wote kwenye seti, lakini mshahara wake ukatupwa nje ya dai. Ndiyo maana fomu ya ukaazi hujazwa siku ya kwanza ya kazi, pamoja na uthibitisho wa anwani. Anayeahirisha hadi mwisho hukuta watu wameshatawanyika. Mishahara nayo lazima iwe imelipwa ndani ya mwaka wa kodi au siku 60 baada yake. Deni lililobaki baada ya hapo halihesabiwi. Na kwa kuwa fedha huja baada ya kufunga hesabu na kukaguliwa, mtayarishaji hukopa benki kwa dhamana ya marejesho yajayo. Riba ya miezi hiyo hula sehemu ya faida iliyotangazwa.

Je, marejesho haya yanafaa? Wanaoyatetea wana ushahidi mzito, na ni wa kuhuzunisha. Jimbo la Saskatchewan lilifuta ya kwake mwaka 2012. Nova Scotia ilifuta ya kwake katika bajeti ya 2015 na kuweka mfuko wenye ukomo. Kote kuwili waliotangulia kuumia walikuwa wenyeji: mafundi wa taa, washonaji wa mavazi, wenye magari ya kubeba vifaa. Wengi walihamia majimbo mengine, na fundi akishahama na familia yake harudi kwa sababu serikali imebadili mawazo. Saskatchewan ililazimika baadaye kuongeza ruzuku ili kuwavuta watu upya. Alberta ilionyesha upande wa pili: mwaka 2021 iliondoa ukomo wa dola milioni 10 kwa kila kazi, na tamthilia ya Kimarekani The Last of Us ikaenda kushuti msimu wake wa kwanza huko.

Lakini msimu wa pili ulihamia British Columbia. Hapo wapinzani wana hoja isiyopuuzika: fedha za umma zimejenga uhusiano unaovunjika kwa barua pepe moja. Studio haidaiwi kubaki. Inachodaiwa ni kulinganisha majedwali, na majedwali hubadilika. Desemba 2024 British Columbia ilitangaza kupandisha kiwango cha marejesho kutoka asilimia 28 hadi 36 kwa kazi zinazoanza kushutiwa kuanzia Januari 1, 2025, na nyongeza ya asilimia 2 kwa kazi zinazotumia zaidi ya dola milioni 200 jimboni. Katikati ya 2025 California ikapandisha ukomo wa mfuko wake wa marejesho kutoka dola za Marekani milioni 330 hadi 750 kwa mwaka. Kila mmoja amepanda, na tofauti kati yao imebaki ndogo kama zamani, ila hazina zote zimepungukiwa.

Kuna historia ambayo haitajwi vya kutosha katika mjadala huu. Mwaka 2015 Ontario ilishusha kiwango chake cha huduma kutoka asilimia 25 hadi 21.5. Mwaka 2016 British Columbia ilishusha kutoka 33 hadi 28. Ilitabiriwa kwamba studio zingefunga virago. Hazikufunga, miaka iliyofuata majimbo yote mawili yalipata kazi nyingi mno. Sababu ilikuwa dola ya Kanada iliyoshuka, majukwaa yaliyokuwa yakimwaga fedha, na wingi wa mafundi wenye uzoefu. Kiwango cha marejesho ni sababu mojawapo tu, na katika miaka hiyo hakikuwa ya kwanza. Mwanasiasa hukipenda kwa kuwa ndicho pekee anachoweza kukigusa kwa saini yake.

Jimbo la Quebec, lenye Montreal, nalo linafundisha kwamba kukata kunataka uangalifu. Katika bajeti ya Machi 2024 ilipandisha kiwango cha jumla kutoka asilimia 20 hadi 25, lakini ikaweka ukomo wa asilimia 65 ya thamani ya mkataba kwa kazi za picha za kompyuta. Montreal ni mojawapo ya miji mikubwa duniani kwa kazi hizo, na ukomo huo ulikuja wakati karakana zake zilikuwa bado hazijapumua baada ya migomo. Februari 2025 kampuni ya Technicolor, yenye karakana kubwa mjini humo, ilianguka. Si haki kuibebesha Quebec anguko hilo, kwani kampuni ilikuwa na matatizo dunia nzima. Ila kukata kwa ghafla sekta ikiwa chini ni kumsukuma anayeyumba.

Upande wa kazi za Kikanada, tatizo haliko pale wengi wanapolidhania. Viwango vyake ni vizuri. Filamu ya milioni 5 Ontario yenye mishahara ya milioni 3 hupata asilimia 35 ya mishahara kutoka jimboni, yaani 1,050,000. Serikali kuu hutoa asilimia 25, lakini kwa mishahara isiyozidi asilimia 60 ya gharama baada ya kuuondoa msaada wa jimbo: 60 kwa mia ya 3,950,000 ni 2,370,000, na robo yake ni 592,500. Jumla 1,642,500, karibu theluthi ya bajeti. Kazi ya huduma hufurahi kupata kiasi hicho. Tofauti ni theluthi mbili zinazobaki. Studio ya nje inazo tayari. Mkanada huziokota vipande vipande: leseni ya kituo cha televisheni (malipo ya haki ya kuonyesha), Telefilm ambalo ni shirika la serikali la filamu, mfuko wa televisheni wa CMF, msambazaji. Na CMF kwa sehemu kubwa hulishwa na michango ya makampuni ya kebo na satelaiti, ambayo wateja wake wanapungua kila mwaka kwa kuhamia Netflix na wenzake.

Ndiyo maana naona vita vya maana zaidi viko kwenye asilimia 5. Sheria ya utangazaji wa mtandaoni ilipitishwa Aprili 2023, na Juni 4, 2024 mdhibiti, CRTC, aliamuru majukwaa yenye mapato ya dola milioni 25 au zaidi kwa mwaka nchini yachangie asilimia 5 ya mapato hayo, jumla ikikadiriwa kufika milioni 200 kwa mwaka. Majukwaa yalikwenda mahakamani, na Desemba 2024 malipo yakasimamishwa kungoja hukumu. Hoja yao kwamba tayari yanatumia mabilioni Kanada ni ya kweli. Lakini mabilioni hayo kwa sehemu kubwa ni ya kazi za huduma, yanarudishiwa sehemu yake na walipa kodi, na hakimiliki inavuka mpaka. Hayawezi kuhesabiwa kama mchango kwa mtayarishaji wa Halifax anayetafuta milioni yake ya mwisho.

Nisingekata marejesho ya huduma. Nova Scotia imeshalipa gharama ya somo hilo. Mafundi ni wale wale, na anayejifunza kuwasha taa kwenye tamthilia ya Marekani mwezi Mei huwasha filamu ya Mkanada mwezi Oktoba, ingawa kazi kubwa zinapojaa mjini filamu ndogo hukosa studio na mafundi kwa bei wanayoimudu. Lakini dola inayofuata ya umma isiende kuongeza asilimia kwa kazi za zaidi ya milioni 200. Ipelekwe kwenye leseni na mitaji ambayo sharti lake ni kwamba mtayarishaji Mkanada abaki na hakimiliki, pamoja na mapato ya kuuza nje. Ripoti za mwaka nazo zingesaidia kama zingeweka mstari mmoja zaidi kando ya mabilioni: saa ngapi za vipindi vilivyotengenezwa mwaka huo bado ni mali ya makampuni ya Kanada baada ya miaka mitano.