Detroit, Windsor na Toronto: mji upi unakaliwa vizuri zaidi?

Kila mwaka kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist hutoa orodha ya miji inayofaa zaidi kuishi duniani. Mwaka 2022 miji ya Kanada ya Calgary, Vancouver na Toronto iliingia yote kwenye kumi bora, na mji wa Marekani haukuwemo hata mmoja. Orodha hiyo hupima usalama, afya, elimu, miundombinu, na utamaduni pamoja na mazingira. Bei ya nyumba haimo. Kwa anayehama Nairobi au Bukavu na familia yake, hilo ni pengo kubwa, na ndilo linalonizuia kukubali haraka kwamba Kanada imeshinda.

Kuna mahali imeshinda kweli, na pa kupaona ni kwenye Mto Detroit. Upande mmoja ni Detroit, Marekani, ng'ambo ni Windsor, Kanada. Daraja la Ambassador limeiunganisha miji hiyo tangu 1929, na handaki la chini ya mto tangu 1930. Yote miwili ilikua kwa viwanda vya magari, na viwanda vilipoyumba yote iliumia, ila Detroit iliumia zaidi mno. Mwaka 1950 ilikuwa na watu wapatao milioni 1.85, sensa ya 2020 ilikuta hawafiki 640,000, na tayari mwaka 2013 jiji lilikuwa limetangaza kufilisika. Windsor ilipoteza ajira nyingi, lakini watu wake hawakuikimbia namna hiyo.

Chanzo kimojawapo ni sera. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliibebesha serikali kuu ya Marekani asilimia 90 ya gharama za barabara za kuunganisha pande zote za nchi, na barabara nyingi zikapasuliwa katikati ya mitaa ya watu weusi. Detroit ilibomoa Black Bottom na Paradise Valley, mitaa iliyojaa maduka, makanisa na kumbi za muziki. Familia za wazungu zikapita barabara hizohizo kuhamia vitongojini, zikaondoka na kodi zao. Na kwa kuwa shule za Marekani hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo husika, mtaa ukifukarika shule nayo hufukarika. Huko Ontario, jimbo la Kanada lenye Windsor na Toronto, tangu 1998 serikali ya jimbo ndiyo inayopanga fedha za shule, kwa hiyo elimu ya mtoto haifungwi na thamani ya nyumba za majirani zake. Kuna pia kadi ya afya ya jimbo, ya kulipia matibabu, ambayo mtu hanyang'anywi akiachishwa kazi. Kwangu huo ndio uzito halisi wa hoja ya Kanada: mwenye bahati mbaya haanguki hadi chini kabisa.

Toronto nayo ilikaribia kupasuliwa. Mwaka 1971 waziri mkuu wa Ontario, Bill Davis, alisimamisha barabara kuu ya Spadina baada ya wakazi kuipinga, miongoni mwao Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, aliyehamia huko kutoka New York mwaka 1968. Lakini Kanada haina mikono misafi. Vancouver iliivunja Hogan's Alley, na Halifax ikaifuta Africville, yote makazi ya watu weusi.

Kuhusu usalama, takwimu zinasema wazi. Detroit ilihesabu mauaji 252 mwaka 2023, idadi ndogo kuliko zote tangu 1966, na hilo linastahili sifa. Toronto, yenye watu zaidi ya mara nne, haikufika mia.

Tukija kwenye nyumba, mambo yanageuka. Mwaka 2023 bei ya wastani ya nyumba Toronto ilipita dola milioni moja za Kanada. Julai 2023 waomba hifadhi kutoka Afrika, wakiwemo Waganda na Wakenya, walilala nje kwenye barabara ya Peter, katikati ya jiji, kwa sababu makazi ya dharura yalijaa huku serikali ya jiji na serikali kuu zikivutana juu ya nani alipe. Makanisa ya watu weusi ndiyo yaliyowafungulia milango. Mwaka huohuo orodha niliyoitaja iliiweka Toronto nafasi ya tisa duniani. Linaniuma hilo, maana linaonyesha orodha ilimpima nani: yule ambaye tayari ana paa.

Wakati huohuo wakimbizi Wakongo waliopelekwa Buffalo na Louisville, Marekani, wanakuta miji ambayo nyumba zake ni nafuu mno kuliko za Toronto. Wauguzi kwa mamia wanaishi Windsor na kuvuka mto kwenda kazini Detroit kwa sababu ya mshahara. Na hiyo kadi ya afya? Mamilioni ya Wakanada wanayo lakini hawana daktari wa familia.

Tatizo la nyumba lina dawa inayojulikana: kuruhusu nyumba nyingi zaidi mitaani. Minneapolis, Marekani, iliacha mwaka 2020 kutenga mitaa kwa nyumba za familia moja tu. Toronto iliruhusu nyumba za familia nne jijini kote mwaka 2023 tu, imechelewa. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo ningemshauri Kanada, lakini aipite Toronto na Vancouver, atazame Windsor, Edmonton au Winnipeg. Muuguzi au fundi asiye na wategemezi, ambaye mwajiri anamlipia bima, atapata akiba mapema zaidi Detroit au Buffalo, mradi auchunguze mtaa wenyewe kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.