Katuni zimechangia, ila hazitoshi

Kuna makala inayodai mafari, yaani mashabiki wa wahusika wanyama wenye tabia za kibinadamu, wamezaliwa na katuni za utotoni. Nusu ya ukweli hiyo. Filamu ya katuni ya Disney, Robin Hood (1973), kweli iliwagusa wengi: mtazame Robin Hood, yule mbweha, anatembea kwa miguu miwili, kavaa kofia yenye unyoya, lakini mkia na masikio yako palepale, na humo hamna binadamu hata mmoja. Sasa, watoto wa nchi ngapi waliangalia katuni? Mbona ushabiki huu uliota Marekani? Kule watu wazima tayari walikuwa na makongamano ya hadithi za kisayansi, wakibadilishana michoro na vijarida walivyojichapishia. Kongamano la mafari wenyewe, ConFurence, lilianza Costa Mesa, California, 1989. Na mafari wengi huchora wahusika waliobuni wenyewe, si wa Disney.