Milimita 3 za sakafu ya chumba cha swichi

Nilipiga magoti na tochi mbele ya kabati la swichi la kilovolti 11, kwenye jengo moja hapa Sakina, Arusha. Breka yake, yaani swichi nzito ya kukata umeme inayoingizwa kabatini kwa toroli, ilikuwa imekwama nusu njia. Kabati zima, breka nzima. Gurudumu moja la toroli lilikuwa limedumbukia kwenye bonde la sakafu. Rula ya alumini ya mita 3 ikaonyesha uwazi wa milimita 7. Mchoro ulisema tu "sakafu laini, niru".

Wahandisi wa umeme sasa wanataka chumba chote kiandikiwe milimita 3 kwa kila mita 3, yaani uwazi chini ya rula hiyo usizidi milimita 3. Makandarasi wanauliza: kwa nini tulipie chumba kizima wakati kabati hunyooshwa kwa vipande vya bati chini yake?

Kwenye gharama wana haki. Tena zege hujikunja likikauka, kingo zikanyanyuka. Ndiyo maana namba za FF na FL za Wamarekani, za unyoofu na usawa wa sakafu, hupimwa ndani ya saa 72 baada ya kumwaga. Haziahidi sakafu itakuwaje kabati litakapofika miezi baadaye.

Ila vipande vya bati vinatibu kabati na kuumiza toroli. Kila bati unaloongeza linainua mdomo wa kabati juu ya sakafu, na breka nzito inakutana na ngazi.

Mimi nabana vipimo pale tu mzigo unapokaa na unapopita. Jamvi, yaani zege la chini la sakafu, liachwe chini kidogo, chaneli za chuma za kubeba kabati zifungwe na kusawazishwa hadi milimita 1 kwa mita, ndipo zege la juu limwagwe kufikia usawa wake. Ukanda wa mbele, toroli linapotembea, upate milimita 3. Kwingine milimita 5 zinatosha. Ndiyo, kumwaga mara mbili kunakula siku, na siku hizo ziandikwe kwenye bei tangu mwanzo.

Niru naikataa kabisa humu. Sebuleni inapendeza, lakini ni ngozi nyembamba ya saruji. Magurudumu ya chuma huipasua, vumbi likatua kwenye vihami vinavyozuia umeme kuvuja, na unyevu wa masika ukifika umeme unapata njia. Zege lenyewe lisuguliwe kwa mashine kabla halijakaza, likauke sawasawa, ndipo lipakwe epoksi.

Na rula ilazwe siku ya pili baada ya kumwaga, fundi umeme akiwepo, kabla hatua hiyo haijalipwa.