Instrakta, tugeukie basi

Mazoezi ya kikundi hapa Nairobi tumeyafanya kama redio na si haki, maanake kitu chenyewe ni cha macho. Spika inapiga hadi mtaa wa pili, instrakta ana maiki, anaelekeza akiwa ametupa mgongo, na asiyesikia akikosa kurudi wiki ijayo tunasema labda hapendi mazoezi.

Si kwamba kiziwi anashindwa kufuata. Skwoti ataona ukishuka naye atashuka. Shida ni mkishalala kwa plenki, nyuso zote chini, halafu mtu anapiga kelele "badilisha!" na wenzako wameshaenda kwa zoezi lingine wewe bado umekaza tumbo pale peke yako, na hapo ndipo mtu anaona aibu anachukua mkeka wake anaenda zake.

Kwa maoni yangu, tusianze na kulia ati mkalimani ni bei. Instrakta mwenyewe ajifunze ishara chache za Lugha ya Ishara ya Kenya: anza, simama, pumzika, polepole, unaumwa?, na kuhesabu. Afundishwe na kiziwi wa hapa hapa, sio video za Marekani, huko wana lugha yao. Aonyeshe KABLA watu hawajaanza kuruka, na mkiwa chini apite akiwagusa bega, sio kuvuta mtu tisheti. Hata tochi ya simu inatosha. Kwa Deaflympics, michezo ya viziwi iliyoanza Paris 1924 na ambayo Wakenya wameshinda medali kibao, mbio zinaanzishwa kwa taa badala ya mlio wa bunduki, sasa sisi wa kuruka kamba tunashindwa wapi?

Halafu voisi noti jamani! Mnahamisha mazoezi kutoka uwanja huu hadi ule usiku wa manane kwa voisi noti ya dakika tatu, kiziwi anafika asubuhi anakuta ng'ombe. Andikeni.

Kichekesho ni kwamba katiba ya 2010, ibara ya 120, imeweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Kwa hivyo mheshimiwa akitukanana na mwenzake inaruhusiwa kwa ishara, lakini mwananchi wa mtaa wa Umoja anayetaka kupunguza kitambi ajipange.

Na wako viziwi wenye mwili wa mazoezi kutushinda wengi wetu, mbona wasiongoze wao siku zingine, sisi tufuate mikono yao?

Mkalimani bado anahitajika lakini, hasa siku ile daktari anakuja kuongea mambo ya presha na magoti na watu wana maswali, hapo ishara tano za instrakta hazifiki popote. Na alipwe, tuache hii ya "jitolee tu ni ya jamii". Kama tunachanga ya spika na ya maji, na yake iingie kwa hiyo hesabu.