Kabati Limejaa Viumbe, Mimi Nina Njaa

Nieleweke mapema: mama watoto amefukuza vya kiwandani nyumbani, na mimi sina ugomvi na chakula cha asili. Ni kitamu, nakubali. Kinashibisha, nakubali. Na choo kinapatikana kwa wakati, hilo nalo nakubali ingawa sikumbuki kuulizwa. Ugomvi wangu ni saa. Chakula cha paketi kilikuwa kinanisubiri mimi. Hiki cha sasa, mimi ndiye ninayekisubiri.

Zamani njaa ilikuwa siri kati ya mtu na kabati lake. Unafungua mlango, unachana karatasi, unatia maji ya moto, unakula umesimama, hakuna shahidi. Siku hizi nikisema nina njaa naulizwa, "Baba watoto, jana usiku uliloweka nini?" Jana usiku nilikuwa nimeshiba! Mtu aliyeshiba atajuaje kwamba kesho jioni moyo wake utataka maharage?

Chanzo cha yote ni mama watoto kusoma maandishi ya nyuma ya paketi. Yale madogo, ambayo mimi naamini yaliwekwa kuridhisha sheria, si kusomwa na binadamu. Akajifunza kwamba nchi nyingi zinataka viungo vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kitangulie. Basi! Likaletwa boksi la nafaka za watoto, lile lenye mnyama anayecheka, sukari imekaa nafasi ya pili. Ikaletwa sosi ya nyanya, sukari. Mkate wa kukatwakatwa, sukari. Vidonge vya supu ya kuku: chumvi inaongoza, na kuku mwenyewe yuko mkiani, baada ya rangi. "Huyu kuku alipita tu nje ya kiwanda," akasema. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Tuanze na maharage, kwa sababu ndiyo yanayonitesa zaidi. Makopo yote yaligawiwa kwa jirani. Yakaja maharage makavu, ambayo ukiyatazama unaona kabisa hayana haraka na mtu. Yalowekwe usiku kucha. Maji yamwagwe. Ndani yake mna asidi ya faitiki, nimeambiwa, inayoshikilia chuma na zinki visiingie mwilini, na kuloweka kunaipunguza. Sawa. Halafu ikaja ya pili: maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya lektini, kwa hiyo baada ya kulowekwa lazima yatokote kwa nguvu, si chini ya dakika 10, na wengine wanasema 30. Kuyaacha kwenye joto dogo tu hakutoshi, utashinda chooni. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikauliza: kwa hiyo haya yenye sumu ndiyo rafiki, na yale ya kopo, ambayo kiwanda kimeshayachemsha na sumu imeshakufa, ndiyo adui? Nikajibiwa kwamba maswali yangu yana harufu ya njaa. Ni kweli yalikuwa na harufu hiyo, lakini swali lilikuwa zuri.

Kisha kuna chachu. Hamira ya pakiti ilifukuzwa, na badala yake tunaishi na mtungi wa kioo wenye unga na maji vilivyochachuka, ndani yake wamo vijidudu wa hamira ya porini na bakteria wa asidi ya laktiki, mamilioni, wote wanakula kwangu bure. Kila siku wanalishwa unga mpya na maji mapya. Kabla ya kulishwa unapunguza sehemu ya zamani, la sivyo mtungi unafurika. Mama watoto huwachungulia asubuhi kabla hajanisalimia. "Wameamka vizuri leo," anasema. Mimi niliamka na mgongo unauma, hakuna aliyetangaza.

Mkate wenyewe, sitasema uongo, ni mkate wa haki. Una uchachu kidogo, una uzito, vipande viwili vinakufikisha mchana. Na ule muda mrefu wa kuumuka unavunjavunja ile faitiki iliyomo kwenye unga usiokobolewa, kwa hiyo hapo watu wa asili wana hoja. Ila ganda lake linataka meno ya ujanani. Na ratiba! Unakandwa leo, unaumuka, unakunjwa, unalala kwenye jokofu, kesho ndiyo unaokwa. Wiki tuliyosafiri kwenda kwa ndugu, mtoto akauliza kwa uchungu, "Baba, chachu nani ataipa chakula?" Ikapangwa ikae kwenye jokofu, kwenye baridi inavumilia wiki nzima kwa mlo mmoja. Nikabaki nawaza kwamba ningekuwa na uwezo huo ndoa yetu isingekuwa na tatizo lolote.

Supu ya mifupa sitaiongelea sana. Mifupa, maji, siki kidogo, moto mdogo tangu asubuhi mpaka majirani waanze kujikaribisha. Ikipoa kwenye jokofu inaganda na kutikisika, hiyo ni jelatini. Kuna watu wanaoisifu kwamba ni hazina ya kalsiamu. Hao wanaitia chumvi, kalsiamu inayotoka mfupani ni kidogo sana. Lakini vile vidonge vya zamani nikivionja leo nasikia chumvi na rangi tu. Ini nalo linakuja mara moja kwa wiki, lina vitamini A nyingi kiasi kwamba wajawazito wanashauriwa kuliepuka. Mimi si mjamzito, nilijaribu kulitumia hilo likashindikana.

Kilichonivunja nguvu ni kabeji. Inakatwakatwa, inatiwa chumvi kama gramu 20 kwa kila kilo, inabinywa kwa mikono mpaka itoe maji yake yenyewe, kisha inashindiliwa mtungini izame kabisa. Ikitokeza juu ya maji inaota ukungu. Ikizama inatoa gesi, na usipoifungulia ipumue inajifungulia yenyewe. Usiku mmoja kifuniko kimeruka, nimetoka chumbani na fimbo, mwizi ni kabeji.

Nikasema hii mimi sili. Wala hakubishana. Kumbe alishasoma habari za nahodha James Cook. Yule Mwingereza alipong'oa nanga mwaka 1768 alipakia kabeji iliyochachushwa kwa mapipa, ina vitamini C, inakinga kiseyeye. Mabaharia wakaigomea. Kwa hilo Cook hakumchapa mtu. Aliagiza iandaliwe kila siku kwenye meza ya maofisa, na mabaharia waambiwe watakaotaka wachukue, wasiotaka waache. Kabla wiki haijaisha wakubwa walikuwa wanaiona kitu cha thamani, na wadogo wanaidai, mpaka ikabidi igawiwe kwa kipimo.

Basi mama watoto akaanza kuiweka kwenye sahani yake peke yake. Kidogo, pembeni, kwa heshima. Anakula polepole anafumba macho. Watoto wakaomba, wakapewa kijiko kimoja kimoja. Mimi sikuulizwa. Siku ya tatu sikuulizwa. Jamani, sikuulizwa ndani ya nyumba yangu! Sasa nina mtungi wangu binafsi, na atakayeugusa tutaonana.

Nilipoona nashindwa jikoni nikaingia kwenye historia kutafuta mtetezi. Nikaanza na majarini, kipenzi changu, laini hata ikitoka kwenye baridi. Nikakuta ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya mfalme Napoleon III kutaka mbadala wa siagi ulio nafuu kwa wanajeshi na watu wa hali ya chini. Nikafurahi, chakula kilichobuniwa kwa ajili yangu kabisa! Nikaendelea kusoma. Baadaye wakaanza kugandisha mafuta ya mimea kwa haidrojeni, yakazaa mafuta ya transi yanayoharibu mishipa ya moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likataka viwanda viyaondoe kwenye chakula dunia nzima. Majarini nyingi za leo hazina tena. Mama watoto hakutaka kusikia sentensi hiyo ya mwisho. Sufuria ilishakuwa motoni, siagi inachemka maji yatoke, ibaki samli.

Nikakimbilia mchele mweupe. Huko nikakutana na Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyekuwa Java miaka ya 1890, akaona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wanapooza miguu, na wakipewa wenye kumbi lake la ndani wanapona. Ndiyo njia iliyofikisha watu kwenye vitamini B1, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nikafunga ukurasa. Nikafungua mwingine: mtafiti Kevin Hall na wenzake, Marekani, 2019, waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wiki mbili wanakula vya kiwandani, wiki mbili vya kupikwa, kila mmoja ale atakavyo. Kwenye vya kiwandani walizidisha kama kalori 500 kila siku, na walikula kwa kasi zaidi. Mama watoto alisoma akiwa nyuma ya bega langu. Akaniuliza kwa upole, "Umepata uliyekuwa unamtafuta?"

Hata hivyo kesi mbili nilishinda, naomba ziandikwe. Ya kwanza ni chumvi. Alileta ya mawe, ya rangi ya waridi, nzuri kwa macho. Nikamwambia ile ya kawaida imetiwa madini joto, na bila hayo watu wanaota rovu shingoni. Akanyamaza, akairudisha ya kawaida kabatini. Ya pili ni asali. Sukari ilifukuzwa kama mhaini, lakini asali ilikuwa inamiminwa kila mahali kwa jina la asili. Nikamwonyesha kwamba Shirika la Afya Duniani linaihesabu kundi moja na sukari, na vyote kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Na mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali hata kidogo, inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulini. Ushindi huo ulikuja na hasara, kwa sababu sasa chai yangu haina sukari wala asali.

Ushindi ukanipa ujasiri wa kukata rufaa kubwa. Kuna mpangilio unaitwa NOVA, wa profesa Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, unaogawa vyakula makundi manne. Adui ni kundi la nne, yale yaliyosindikwa kupita kiasi, yenye rangi, ladha za kubuni na viungo ambavyo huvikuti jikoni kwa mtu. Samaki wa kopo yuko kundi la tatu! Samaki, mafuta, chumvi, basi. Na wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao laini wana kalsiamu kuishinda ile supu ya kutwa. Nilizungumza nimesimama. Mama watoto akatafakari, akasema, "Sawa. Makopo ya samaki yarudi."

Nikanunua jioni ileile. Nikafika jikoni, nikavuta droo. Kifungua kopo hakuna. Alikigawa pamoja na makopo.

Nikaenda kwa jirani mbio. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma. "Jirani, hata sisi hicho tumeshagawa," akasema, akaninyooshea kidole mtungi uliokuwa mezani, unatoa mapovu. "Shemeji ametufundisha vizuri sana. Karibu ndani uonje, ila maharage ndiyo kwanza nimeyaloweka."