Laravel 7 na yale masaa matatu

Ukitoka Laravel 6 kwenda 7 (ile ya Machi 2020; Laravel ni fremuweki ya PHP ya kujengea mifumo ya wavuti) kuna kitu bado kinawauma wenye mifumo ya zamani: tarehe ikitoka kwa modeli (klasi inayosoma jedwali la databesi) kwenda JSON, yale maandishi apu inayopokea, haiji tena "2024-08-16 09:00:00", inakuja "2024-08-16T06:00:00.000000Z". Hiyo Z ni saa za UTC, saa ya kimataifa ya kupimia, na sisi tuko mbele masaa matatu. Kwa databesi hakuna kilichoguswa, ni vile inavyotoka tu.

Mimi ilinipata hapa Malindi, gesti moja. Siku ya mgeni kuingia ilikuwa imewekwa saa sita usiku, Ijumaa tarehe 16, na apu yao inakata herufi kumi za mwanzo basi. Nikaapgredi, ile saa sita usiku ikageuka saa tatu usiku ya jana yake, apu ikasoma 15. Chumba kikatandikwa Alhamisi, mgeni hata hajapanda ndege.

Sasa wapo wanaosema rudisha ya zamani, andika serializeDate kwa modeli (fankisheni inayoamua tarehe itoke vipi), mistari mitatu umemaliza. Siwalaumu, apu zingine ziko kwa simu za watu wa boti na hao hawaapdeti mpaka simu ife. Lakini ile ya zamani haisemi ni saa za wapi! Mtaliano akiangalia buking yake akiwa Milano simu inadhani ni 09:00 ya kwao, na kwao saa zinasogezwa mara mbili kwa mwaka, halafu brauza za Safari za zamani za iPhone ile nafasi ya katikati, kati ya tarehe na saa, zilikuwa zinaikataa kabisa, Invalid Date.

Mimi naona kosa letu ni kuchanganya siku na saa. Boti inaondoka, malipo yameingia, hizo zipe mtindo mpya wenye Z. Siku ya kuzaliwa au ya kuingia gesti haina saa, iandikie 'date:Y-m-d' kwa modeli (mwaka-mwezi-siku tu) na usiiguse tena. Ila usiku wa kuapgredi wenyewe weka serializeDate kwanza, mtindo mpya uje baadaye na toleo la pili la API (mlango ambao apu inachukulia data), maana ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kimevunja.

Yule dada wa mapokezi alipoona safari ya 09:00 imeandikwa 06:00 hata hakushtuka, alidhani apu imejaribu kuandika saa ya Kiswahili ikakosea hesabu.